Divisheni Yako Ikae Wapi kwenye CV?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, ndugu waajiri mliokubali mwaliko, na ninyi wanangu mnaomaliza mwaka huu: marahaba, nimezipokea shikamoo zenu zote.

Nimepangiwa nizungumzie namna ya kuandika CV. Mada hiyo ni pana, na nikianza na ukubwa wa herufi na rangi ya karatasi tutafika adhuhuri hatujasema kitu. Kwa hiyo nimechagua swali moja tu. Kila nikialikwa vyuoni hakosi mtu wa kunivuta pembeni, akaangalia huku na huku, kisha akaninong'oneza: "Mama, matokeo ya fomu foo niyaweke au niyaache?" Wenye divisheni wani, daraja la juu la ufaulu, wananiuliza, na wenye divisheni foo, daraja la mwisho, wananiuliza. Wa kwanza anaogopa kuonekana anajisifu, wa pili anaogopa kuaibika.

Wengi wenu jibu langu ni moja: acha. Taja shule na mwaka uliomaliza, basi. Alama ziandike pale tu ambapo anayeisoma CV anazihitaji ili akuite, na ukiziandika, ziandike kwa namna atakayoielewa. Ila msinielewe vibaya. Kuacha kuandika hakufichi kitu, na hilo nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu.

Kwanza niwaeleze ninachokiona mimi. Nimefanya kazi ya rasilimali watu muda mrefu, na CV nyingi za vijana wetu zinatoka tumbo moja. Zimechapwa steshenari, juu ya mfano ule ule uliokuwa kwenye kompyuta ya pale, jina la mwombaji wa jana likafutwa likawekwa la leo. (Mara nyingine halifutwi lote. Nimeshasoma barua inayoanza na Neema ikaishia na Baraka.) Ukurasa wa kwanza unafunguka kwa tarehe ya kuzaliwa, kabila wakati mwingine, hali ya ndoa, kisha linakuja jedwali la elimu. Jedwali hilo linaanzia darasa la kwanza. 2009 hadi 2015, shule ya msingi fulani. 2016 hadi 2019, sekondari, divisheni ya pili, pointi 19. 2020 hadi 2022, kidato cha tano na sita, HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), divisheni ya pili, pointi 11. Chuo, yaani kitu pekee kinachomfanya aombe nafasi hiyo, kipo mstari wa mwisho, kimebanwa chini ya ukurasa.

Nageuza ukurasa wa pili. Huko, chini ya "hobbies", karibu na majina ya wadhamini, kuna sentensi moja: alifanya mafunzo kwa vitendo halmashauri kwa wiki nane, akasaidia kulinganisha makusanyo ya mashine za kukusanyia ushuru na fedha zilizoingia benki. Hapo nakaa wima. Nafasi yenyewe ni ya mhasibu msaidizi! Huyu kijana ameshashika kazi ninayoitafutia mtu, lakini amenipitisha kwanza kwenye shule ya msingi, pointi 19 na pointi 11 ndipo akaniambia. Na mimi nimemfikia kwa sababu siku hiyo nilikuwa na nafasi. Maombi yakija kwa mamia, anayechuja hafiki ukurasa wa pili wa kila mtu. Anatazama nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, anaweka huku au kule.

Kwa hiyo suala la alama ni suala la nafasi kwenye karatasi. Pointi zako 19 si dhambi. Zimekaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Mtaniuliza, je, hakuna wakati wa kuziandika? Upo, tena mkubwa. Tangazo likizitaja, zitaje, na zitaje kwa maneno yale yale ya tangazo. Jeshi la Polisi likitoa nafasi za mafunzo huwa linataja daraja la ufaulu wa kidato cha nne. Hapo huna hiari. Benki ikiandika kwamba inataka mtu aliyefaulu Hisabati na Kiingereza kidato cha nne, mwenye C ya Hisabati aandike "Hisabati C, Kiingereza B". Asiandike divisheni peke yake akategemea msomaji akisie. Watu wengi wanakosea hapo: wanaulizwa masomo mawili, wanajibu divisheni.

Aliyemaliza kidato cha sita mwezi uliopita anatafuta kazi ya muda ya kuingiza takwimu, huyo ana nini kingine cha kuonyesha? Aweke matokeo yake juu kabisa. Na wewe unayemaliza shahada, kama ulipata wani ya kutisha kidato cha sita na bado hujawahi kuajiriwa, mstari mmoja mfupi chini ya shahada hautakudhuru. Ukishapata kazi ya kwanza, ukakaa mwaka, uondoe. Mwenye umri wa miaka 38 anayeniandikia kwamba alipata wani ya pointi tisa ananifanya nijiulize kimetokea nini tangu wakati ule.

Wenzetu Wakenya nao wana ya kwao. Nimesoma CV ya mtu mwenye shahada ya uzamili anayetaja alama zake za KCPE kati ya 500, mtihani wa darasa la nane ambao wenyewe umeshafutwa, wa mwisho ukafanyika 2023. Nilicheka, halafu nikakumbuka CV zetu zinazoanzia darasa la kwanza nikanyamaza.

Sasa nije kwenye kueleweka, maana hapa pana mambo ambayo mwenye alama hayafikirii. Sisi Tanzania pointi zikipungua ndiyo sifa. Kidato cha nne wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, F ni pointi 5. Saba ndiyo kileleni. Divisheni wani inaanzia 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Kidato cha sita masomo ni matatu, na wani inaanzia 3 hadi 9. Haya, mtu ameandika "Division I, 9 points" bila kusema ya mtihani gani. Kama ni kidato cha nne, huyo alikuwa moto wa kuotea mbali. Kama ni kidato cha sita, ameingia wani kwa kuikamata mlango ukifungwa. Msomaji afanyeje?

Mpelekee CV hiyo mwajiri wa Nairobi. Kenya wanahesabu kinyume chetu: A ni pointi 12, E ni pointi 1. Mtoto wetu wa pointi saba, aliyepata A masomo yote saba, akiandika "7 points" bila maelezo, macho ya Mkenya yanaona C+. Ndicho kiwango cha chini cha kuingilia shahada kwao. Mwanafunzi bora wa mkoa anageuka mtu wa kawaida kwa kuvuka Namanga tu.

Na hata ndani ya nchi yetu kipimo chenyewe hakijatulia. Wapo humu mliosoma cheti, kisha diploma, kisha mkaja shahada, na huenda mlimaliza kidato cha nne 2014. Matokeo yenu yalitoka kwa GPA: distinksheni, meriti, krediti, pasi. Mapema 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akaagiza turudi kwenye divisheni. Sasa mtu anaandika "GPA 3.4" kwenye mstari wa sekondari na "GPA 3.8" kwenye mstari wa chuo, anayechuja anadhani ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. GPA ya chuo ya 3.8 ni daraja la pili la juu, inaeleweka kwa kila mwajiri wa hapa. Ile ya sekondari imebaki na watu wachache na vyeti vyao.

Waliofanya mtihani wa 2012 wana kisa kizito zaidi. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro. Nchi ilitikisika, wazazi walilia, Bunge likachemka, tume ikaundwa. Mei mwaka huo serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya kwa utaratibu wa miaka iliyotangulia. Karatasi zilikuwa zile zile, majibu yale yale, mwandiko ule ule, na wapo walioamka ziro wakalala na divisheni. Kisa hiki mimi huwa nawakumbusha wenzangu wa kamati za usaili wanaoapa kwa pointi kama vile zimeshuka kutoka mbinguni.

Nimesema nitarudi kwenye kuficha.

Kuna tofauti kati ya kutoandika na kudanganya, na naomba muishike. Mtu aliyepata divisheni foo ya pointi 27, akasoma cheti miaka miwili, akasoma diploma, akaingia shahada, leo ana upper second, hana deni la kuitangaza ile foo kwenye CV. Taja sekondari, taja mwaka, endelea. Lakini usiifute sekondari kabisa ukaanzia na diploma, hasa ukiomba serikalini, maana pengo hilo linaonekana haraka kuliko hiyo foo. Na usiongeze chochote. Pointi 27 zisigeuke 22.

Msidhani hakuna atakayejua. Matokeo ya Baraza yanawekwa mtandaoni shule kwa shule, namba kwa namba, somo kwa somo. Jina halipo, lakini namba ya mtihani ipo. Wengine mnaiandika wenyewe kwenye CV, kwa uzuri kabisa, karibu na jina la shule! Anayechuja anaichukua, anafungua tovuti, anashuka na orodha, na kwa chini ya dakika moja ameona D yako ya Kemia, F ya Fizikia na B ya Kiswahili. Kama hukutaka azungumzie Fizikia, kwa nini umempa ufunguo? Namba ya mtihani ina mahali pake, nayo ni fomu rasmi inayoiomba. Kwenye CV ya kumpa mtu kwenye maonyesho ya ajira iondoe.

Ukiomba kazi ya umma kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, CV ndiyo yenye nguvu ndogo kuliko vyote. Soma tangazo lolote la Sekretarieti hadi chini. Wanataka vyeti vyenyewe. Wanasema wazi, kwa herufi kubwa, kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita, testimonials na provisional results havitakubaliwa. Kila mwaka nakutana na vijana waliopandisha ile karatasi ya matokeo waliyopewa shuleni, cheti halisi hakijafuatwa, kimekaa kabatini kwa mkuu wa shule kwa sababu ya mchango wa dawati ambao haukulipwa. Wanaandika kwenye CV "Division I" kwa wino mzito, na maombi yao hayafiki popote kwa kukosa kiambatisho. Nendeni mkachukue vyeti. Hilo nalisema kwa ukali kuliko jambo lolote nililosema leo. Aliyesoma nje ya nchi, au aliyefanya mitihani ya Cambridge hapa hapa nyumbani, aende Baraza la Mitihani apate ulinganifu wa matokeo yake. Ya diploma ni NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na ya shahada ni TCU, tume ya vyuo vikuu. A tatu za A-level hazimsaidii mtu kwenye meza ambayo haina namna ya kuzisoma.

Na wa kughushi? Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti. Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kilichohakikiwa ni vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu. Mtu anaweza kuwa ametumikia miaka ishirini, ana watoto, ana mkopo wa nyumba, kazi anaijua, akaangushwa na karatasi ya ujanani. Sisemi hayo kuwatisha wenye foo. Nawaambia wenye foo kwamba foo yao halali ina thamani kuliko wani ya kununua Kariakoo.

Siku ya usaili ukiulizwa, "Mbona kidato cha nne hukufanya vizuri?" jibu kwa sentensi mbili na usilie. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa Hisabati kwa miaka miwili. Nilirudia mtihani nikapata C, cheti hiki hapa. Au: nilikuwa nafanya biashara na mama asubuhi kabla ya shule, sikupata muda, nikaanzia ngazi ya cheti na sikushuka tena chini ya B. Kisha nyamaza, subiri swali linalofuata. Wengi wanaharibu kwa kuendelea kujieleza hadi wasaili wanaanza kutazama saa.

Kuhusu mitihani ya nje nitapita haraka. IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, matokeo yake yanahesabika kwa miaka miwili. GRE, ya kuombea shahada za juu, ni miaka mitano. Ukiomba ufadhili au chuo Uingereza au Marekani, andika alama, tarehe, na kila sehemu peke yake. Ukiomba kazi Singida, IELTS ya 2019 haimsaidii mtu. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, wachache wenu mliifanya. Andika tu kama unaomba kazi kwa Wamarekani na umetoka chuo juzi. Kule kwao yapo makampuni makubwa ya ushauri na benki za uwekezaji yaliyojulikana kuziuliza alama hizo hata kwa watu wazima. Lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia masuala ya watumishi Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba walipochambua takwimu zao waligundua alama za mitihani na GPA hazifai kitu katika kuajiri, isipokuwa kidogo kwa waliotoka chuo karibuni. Tukumbuke kwamba hao tayari walikuwa wamechuja watu kwa alama kwa miaka, kwa hiyo waliobaki walikuwa wanafanana. Mimi silichukui neno lake lote, ila nakubaliana naye kwamba alama inapoteza nguvu kadiri miaka inavyopita. Umri wa alama ndio tatizo.

Hapo niwageukie ndugu waajiri, maana vijana hawa wanaandika pointi zao kwa sababu sisi tumewazoesha.

Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walirudia kuzipima tafiti za miaka mingi kuhusu nini kinatabiri utendaji kazini. Kilichokuja juu ni usaili wenye maswali yaliyopangwa, kila mwombaji akaulizwa yale yale na kupimwa kwa kipimo kile kile. Majaribio ya ujuzi wa kazi yenyewe yakafuata kwa karibu. Mambo haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mkae nusu siku mkaandike maswali kabla ya kuwaita watu, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Tunaingia chumbani na "hebu tueleze kuhusu wewe", halafu tunarudi kwenye divisheni kutafuta sababu ya kumpenda tuliyekwisha kumpenda.

Kama kazi inataka hesabu, mpeni mwombaji daftari la malipo lenye makosa matatu na dakika ishirini. Atakayeyaona makosa ndiye mnayemtaka, awe wani, awe foo. Kama kazi inataka barua za Kiswahili kwa wateja, mwandikisheni barua. Alama za kidato cha nne ziombeni pale sheria au mafunzo yanapozidai, na muandike kwenye tangazo ni masomo gani na kwa nini.

Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kututangazia shule kumi bora na wanafunzi kumi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Wenye mtihani wao wameona orodha ile haina tija. Sisi tunaobaki nayo vifuani tunaing'ang'ania kwa faida ya nani?

Na kile kisanduku kwenye fomu zenu za mtandaoni, kilichoandikwa "divisheni", ambacho mtu asipokijaza mfumo haumruhusu kuendelea, kiangalieni upya. Kabla hatujaingia ukumbini nimemuuliza mmoja wenu kinatumika kwa kazi gani. Amenijibu kwamba aliyetengeneza mfumo ndiye aliyekiweka, na ofisini hakuna anayekitazama. Basi anzeni na hicho wiki hii, mkiondoe.